Siku ya Kutoa Mchanga

Kabla ya kulipaka udongo, fundi wa tanuri la piza aliligonga kila tofali kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Wiki nzima mama mwenye nyumba alimtazama uani, akigonga na kusikiliza. Kuba la tanuri lilipokauka, ikabaki kutoa mchanga uliolishikilia kwa ndani. “Wote nyuma ya kamba ya nguo,” fundi akasema.

“Si utumie koleo, fundi?”

“Koleo halisikii, mama. Na kuba likianguka, limwangukie aliyelijenga.”

Akavua pete ya ndoa, akamkabidhi, akaingiza kichwa na mabega tanurini, akachota mchanga kwa viganja mpaka ukaisha. Kuba halikutikisika. Akatoka na vumbi kwenye nyusi, akanyoosha mkono apewe pete. Mkono ulimtetemeka hata mama akaifumbata pete, akajitia kuanua nguo mpaka utulie.