Dobi Aliyeipiga Pasi Kadi ya Benki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla chai haijachemka, dobi wa mtaa ulio nyuma ya benki anatumbukiza mkono katika mfuko wa suruali isiyo yake. Mwenye suruali amesimama mlangoni akitazama dari kama mtu anayepimwa na daktari. Dobi anautoa mfuko nje, anaukung'uta mara mbili, kisha anatamka kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu.

"Kijiti cha meno kimoja. Risiti ya dawa. Andika."

Anayeandika ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa huku daftari gumu likiwa mapajani.

"Kijiti kimetumika au hakijatumika?"

"Kimetumika."

"Basi naandika 'kijiti, marehemu'."

"Andika nilivyosema, wewe mwanamke."

Mteja anaweka sahihi, anachukua kijiti chake na heshima iliyobaki, anaondoka.

Hiyo ndiyo sheria ya chumba hiki chenye meza mbili, pasi tatu na kamba nne za kuanikia uani. Hakuna nguo inayogusa maji kabla mifuko yake haijahojiwa. Kila nguo ina mstari wake daftarini: aina, rangi, doa na kilichokutwa mfukoni. Chini ya mstari, sahihi na tarehe kwa mkono wa mteja. Kwa miaka kumi na mmoja dobi hajapoteza hata kifungo, na wateja wamempa jina la Mpelelezi.

Bei ya shati moja ni kama ya nusu mkate. Siku nzuri hupiga pasi mashati thelathini, ndiyo maana amezoea kuipima dunia nzima kwa mashati. Kodi ya chumba ni mashati mia mbili. Ada ya mtoto wa kwanza ni mashati mia tatu, "na bado hajui kukunja soksi."

Miezi saba iliyopita, dunia ilimdai mashati mia tisa na sitini kwa mpigo.

Ilikuwa Ijumaa. Mumewe, fundi wa majokofu, alipata ujumbe wa benki kuhusu kadi ya mkopo ya akaunti ya nyumbani, ile wanayonunulia sabuni ya jumla na kulipia ada kabla wateja hawajalipa. Ujumbe ulisema kwamba jana yake, Alhamisi mchana, kadi hiyo ilinunua televisheni, manukato na viatu vya michezo namba arobaini na tano.

"Nilimwangalia mume wangu miguu," anasema dobi. "Namba arobaini na moja. Nikaona huyu hana hatia."

Wakaenda benki. Afisa wa malalamiko, kijana aliyefunga tai vizuri kuliko alivyofunga mdomo, aliwaeleza kwamba kadi yenyewe iliingizwa kwenye mashine ya duka na namba ya siri ikabonyezwa bila kukosea hata mara moja.

"Mama, kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nani mwingine anaijua namba hiyo?"

Fundi wa majokofu, mtu mkweli mpaka anatia hasara, akajibu: "Dada yangu. Yeye ndiye anayetununulia vitu."

Kijana akaandika. Hakuuliza tena.

Wifi ameishi nyumba hiyo miaka sita. Ndiye aliyemwogesha dobi alipojifungua mtoto wa tatu, ndiye anayejua kikombe cha nani kina ufa. Jioni ile alipakua chakula cha watu wote, chake akakifunika.

"Hakuna aliyenifukuza," anasimulia sasa, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Lakini kaka yangu alikuwa ananiambia 'karibu chai' kama mgeni. Sijawahi kukaribishwa chai nyumba ile. Huwa nainywa tu."

"Na ulijitetea?" anauliza mwandishi wa gazeti.

"Nilimwuliza, viatu namba arobaini na tano nitavivaa wapi, kichwani? Akacheka kidogo. Nilitaka acheke sana."

Jumamosi asubuhi wifi alitoa begi uvunguni akaanza kukunja nguo.

Hapa simulizi inamfikisha dobi mahali ambapo angependa gazeti lisifike. Kwa sababu tangu akiwa amekaa mbele ya afisa yule, yeye peke yake alijua kwamba wifi hana hatia, na alijua kwa nini. Ulimi tu ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa.

Jumatatu ya wiki ile, siku tatu kabla ya manunuzi, alifua suruali ya kaki ya mumewe. Wateja walikuwa wengi. Akaandika daftarini: *Suruali ya kaki, ya nyumbani. Mfukoni: hakuna kitu.* Mfuko wenyewe hakuugusa. Mganga hajigangi.

Mchana, pasi ikapanda juu ya kitu kigumu. Akaongeza nguvu, kama afanyavyo kwa mshono mkaidi. Aligeuza, akaongeza tena. Harufu ndiyo iliyomwambia. Kadi ya akaunti ya nyumbani ilitoka imejikunja kama jani kavu, na kile kipande chake cha rangi ya dhahabu kimezama kama jicho la mgonjwa.

Aliificha nyuma ya kopo la wanga. Mumewe alipoulizia kadi, akajibiwa kwamba ipo mahali salama.

"Watu wananiletea suti za harusi," anasema. "Dobi aliyepiga pasi kadi yake mwenyewe, nani atampa suti? Nikasema nitaomba nyingine kimyakimya, hili nitakufa nalo."

Lakini daftari halidanganywi. Mstari wa asubuhi ulikuwa umeshapita, kwa hiyo aliandika mwingine mchana uleule: *Kadi ya benki, ya nyumbani. Imeungua. Kosa la dobi.* Chini yake akaweka sahihi na tarehe, kisha akamwita mteja aliyefuata.

Basi Jumamosi hiyo alisimama mlangoni akimtazama wifi yake akifunga safari.

"Alikuwa anakunja vizuri," anasema, na sauti inamshuka. "Mshono kwa mshono, kama nilivyomfundisha. Anaondoka kwangu kwa aibu isiyo yake, na bado anakunja vizuri."

Akaenda kwenye kopo la wanga. Akarudi, akaweka kitu juu ya begi.

"Nini hiki?" aliuliza wifi.

"Kadi."

Wifi aliigeuza, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Wifi. Umeipiga pasi."

"Nimeipiga."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Wifi alihesabu siku kwa vidole, akafika Alhamisi. Kisha akauliza kwa upole wa kutisha: "Upande mmoja au pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Halafu akalia, halafu akamwambia kwamba amemchelewesha siku moja nzima na hilo hatalisahau, halafu akarudisha nguo kabatini.

Jumatatu, benki ilipofunguliwa, dobi aliingia na wifi yake. Alibeba daftari na kadi ndani ya foronya nyeupe, kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani.

Afisa alijaribu kuiingiza kadi kwenye mashine. Haikuingia hata ncha. "Lakini mama, hii inaweza kuwa imeungua jana."

"Umeniambia kikulacho ki nguoni mwangu," alijibu dobi. "Nguo nazijua kuliko wewe. Soma."

Afisa akasoma mstari wa kadi. Akasoma na unaofuata, kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Koti la kijivu, doa la chai. Mfukoni: pipi mbili, moja imelambwa." Kisha akaitambua sahihi iliyo chini yake, akashusha sauti kwa kuchelewa. Ilikuwa ya meneja wa tawi.

Meneja aliitwa. Alivaa miwani, akalitazama daftari.

"Iliyolambwa ilikuwa ya mjukuu wangu," alisema.

"Sikuuliza, mzee. Nauliza kama tarehe ni yako."

"Ni yangu. Nililileta koti Jumatatu ile, na mstari wa juu ulikuwepo. Niliusoma. Nilidhani ni kadi ya benki nyingine."

Baada ya siku kumi na tisa, mashati mia tisa na sitini yalifutwa. Barua ilisema kadi huenda ilinakiliwa na mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana. Mpaka leo hakuna ajuaye nani anatembea na viatu vile.

Dobi aliirudisha barua. Haikumtaja wifi.

"Niliwaambia, mlimwandika mlipomshuku, mwandikeni na mnapomsafisha. Kusafisha ndiyo kazi yangu. Nguo iliyofuliwa nusu naijua."

Barua ya pili ilikuja na sentensi ya kumsafisha. Wifi anaitunza bila mkunjo.

Habari ya kadi ilienea, kama dobi alivyoogopa. Wateja wawili walihamisha nguo zao. Wengine wakaja kumtazama, kisha wakaacha mashati. Siku hizi hupiga pasi mashati arobaini kwa siku. "Mtu anayejiandikia kosa lake," alisema mmoja wao akiacha suti, "hatanificha la suti yangu." Mwenye kulalamika ni fundi wa majokofu tu, anayepekuliwa mifuko kila jioni. "Naingia kwangu kama naingia gerezani, na nimezoea," anasema.

Mpango wa dobi ni kukodi chumba cha jirani kabla ya mwaka ujao kuisha, kuweka meza kubwa ya mashuka ya hoteli, na kumwandika wifi yake kuwa mshirika wa nusu kwa nusu.

Kadi mpya imeshafika, na bahasha ya namba ya siri ikiwa imefungwa. Dobi alimkabidhi wifi yake aifungue peke yake, aisome, aichane. Yeye na mumewe hawaijui namba hiyo na hawataki kuijua.

"Benki wakiniuliza tena nani mwingine anaijua," anasema akishika pasi, "nitawajibu hakuna mwingine. Ni yeye tu."