Arbia na Ngamia wa Shemeji Yake

Jua halijapanda vizuri juu ya mto Tana, na tayari Arbia anagomba. Mvulana wa Machakos amefunga fito upande mmoja wa ngamia, akasahau wa pili.

"Wewe unataka ngamia yangu atembee kama mlevi?" anauliza. Wenzake wanacheka, naye anafungua na kuanza upya.

Mjane huyu ni mfanyakazi wa kambi ya vijana iliyo nje kidogo ya mji wa Garissa, inayoendeshwa na chama kimoja cha Kikristo. Wanafunzi huletwa kutoka shule za mbali, wakavuka mto kwa mtumbwi, wakatembea nyikani na kulala popote jua linapowachwea. Arbia ndiye hupakia ngamia na kusimamisha aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka.

Kwa Wasomali, kazi hizo mbili ni za wanawake. Mwanamume hukamua ngamia, nyumba haigusi. Kwa hiyo mwaka jana, 1954, msimamizi wa kambi, Mwalimu Kanchora, alipomwomba awafundishe wavulana kujenga aqal, mji mzima ulikuwa na la kusema.

Aliyesema zaidi ni Guleid, shemeji yake. Ngamia ni wake. Arbia ameachiwa amtumie tu tangu afiwe na mume. Bila ngamia huyo hana kazi.

"Aliniambia, 'Abbaayo, dada yangu, unafanya wavulana kuwa wanawake. Mimi nakuja kuchukua ngamia yangu,'" Arbia anasimulia.

Na wanaomsema kwa kufanya kazi na Wakristo? Anapunga mkono. "Wao wanaomba yao, mimi naswali yangu. Ngamia anapigia sisi wote magoti."

Guleid hakuwa na mzaha. Aliwafuata Arbia na wavulana hadi nyikani. Alipowafikia, mvua nayo ikafika, ile ya masika isiyobisha hodi.

Arbia alikuwa amemshikilia ngamia aliyeshtushwa na radi, hakuweza kumwachia. Wavulana wakajenga peke yao. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likashika.

"Niliomba mikeka isipeperuke," anakiri Mwalimu Kanchora. "Mengine yote niliyaacha kwanza."

Guleid alisimama nje, maji yakimchuruzika ndevuni, akiitazama nyumba iliyojengwa na wanaume. Kisha akainama, akaingia. Akapewa chai.

"Akavuta fundo. Akavuta tena," Arbia anasema huku akicheka. "Nikamwambia, 'Shemeji, kama hutaki kazi ya wavulana, mlango uko hapo.'"

Hakutoka. Kulipokucha akatoa hukumu: atamchukua ngamia wake mvua ikiisha.

Mvua iliisha mwaka jana. Ngamia bado yuko hapa kambini, anatafuna kwa raha zake. Mwandishi wa habari hizi amewaona wakubwa wengi wakitoa amri, lakini hajamwona anayetiiwa kwa mapenzi kama mama huyu.

Anatumaini nini msimu huu? Anajibu bila kufikiri hata kidogo.

"Wallahi, nataka Guleid mwenyewe afunge mkeka moja. Moja tu. Hapo hakuna mtu atasema tena juu ya kazi yangu."

Safari haijaanza bado, mzee anaonekana akija kutoka mjini, mkeka mpya begani. Ni Guleid.

"Ule wa mwaka jana ulinivujia," anasema, hata salamu hajatoa.

Arbia hampokei mkeka. Anampa kamba.