Siku Nilipokataa Kumwosha Shoga Yangu

Mie nilikuwa mwosha. Upande wetu wa Temeke mwanamke akifariki naitwa mie, nimwoshe, nimtie kafuri, nimsitiri mpaka avae sanda yake. Sikuwahi kukataa, hata kama marehemu tuligombana, na niligombana na wengi, maana ulimi wangu tangu ujanani haukuwa na kizuizi.

Shoga yangu wa nyumba ya pili ndiye tuliyewekeana ahadi. Tulikuwa uani kwake tunachambua mchele, akaniambia akitangulia yeye nisiwaachie hawa wengine, wana mikono baridi. Nikamwambia na wewe usiniachie. Tukacheka. Ahadi ni deni, lakini sie siku ile tulicheka.

Uvimbe wangu ulianza titi la kulia, mdogo kama kokwa ya zambarau, mgumu, hauumi. Niliuficha karibu mwaka mzima. Mficha maradhi kilio humfichua, ila mie alinifichua shoga yangu, aliponiona nabadili kanga. Akanikokota mpaka hospitali ya mjini. Daktari Mzungu akabonyeza, akasema yake, dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akatufasiria: ni saratani, lazima ikatwe kabla haijatambaa kwapani. Nikapangiwa siku.

Basi hapo hapo yakaingia yale mafua yaliyoua watu. Watu walisema yamekuja na meli. Dresa alisema dunia nzima inakohoa. Wodi zikajaa. Daktari hakuifuta siku yangu, ila alitoa masharti. Wa kupasuliwa tutalazwa jengo la peke yetu, na wauguzi wasiomgusa mwenye kikohozi. Na kabla ya hapo nikae nyumbani siku kumi bila kukaribiana na mtu. Siku ya kwenda nitapimwa joto mlangoni. Nikiwa na homa narudishwa, na hakuna ajuaye nitaitwa tena lini.

"Kifua chenye mafua ukikilaza kwa dawa ya usingizi," dresa aliniambia, "huenda kisiamke."

Siku kumi! Kwetu mgonjwa asiyejuliwa hali ni mtu aliyelaaniwa. Nyumba ilikuwa yangu, urithi wa marehemu mume wangu, na watoto sikujaliwa. Nikafunga mlango, nikabaki na kuta na dirisha la njiani.

Shoga yangu alikuwa akiniletea uji na muhogo, anaweka barazani, anarudi nyuma mpaka katikati ya njia, ndipo ananipigia kelele habari za mtaa. Nani kaachwa, nani kaolewa. Wapita njia wakamwona ana wazimu. Siku ya tano sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nilimwambia kwa ukali akalale, asinisogelee tena. Akanipungia mkono, akaenda. Siku ya sita chakula hakikuja.

Siku ya nane asubuhi nikasikia kilio kwake.

Hawakukawia wanawake wakajaa dirishani. Wakaniambia nitoke, mwenzangu ananingoja. Nikasema siwezi. Nikaanza kuwaeleza habari za daktari, mmoja akanikatiza, akauliza mbona wafu wa ndui nimewaosha, leo naogopa mafua? Alisema kweli. Lakini wakati wa ndui sikuwa na cha kukatwa. Mie nilitaka kuishi. Nasema wazi sasa kwa kuwa nimezeeka: nilitaka kuishi kuliko nilivyotaka kutimiza ahadi. Wakaondoka wakinong'ona. Kilichoniuma zaidi ni kwamba binti yake shoga yangu hakuja kuniita. Nikajua huyo ameshaniondoa moyoni.

Baada ya adhuhuri jeneza likapita mbele ya baraza langu. Nikaitikia tahalili kwa sauti ya chini nyuma ya dirisha lililofungwa. Mikono ilikuwa inataka kazi. Nikachukua kata, nikateka maji mtungini, nikayamwaga sakafuni, nikateka tena. Upumbavu mtupu, lakini sikuweza kuacha.

Siku ilipotimia nilikwenda mjini kwa miguu, kwa kuwa basi lilijaa wakohozi. Nilipita matangani alfajiri, wanawake wamekaa mikekani. Nikatoa salamu nikiwa ng'ambo ya njia. Hakuna aliyeitikia.

Homa sikuwa nayo. Nikakatwa, nikaamka. Wagonjwa wenzangu ndugu zao walikuwa wakisimama bustanini, mbali, wanawapungia. Mie nilikuwa nageukia ukutani saa hiyo.

Nilirudi nyumbani na kifua bapa upande mmoja na mkono wa kulia usiopanda juu ya bega. Hata kuoga nilishindwa. Siku ya tatu binti wa shoga yangu akaingia bila hodi, na ndoo ya maji ya uvuguvugu na kitambaa. Nikaanza kujieleza, maneno yakinigonga meno. Akaniambia nikae kigodani.

"Mama alikataza usiitwe," alisema. "Akasema ukirudi, nikuogeshe."

Nikakaa. Halafu nikamwuliza nani alimwosha mama yake, maana wale waliokuja kunisuta dirishani walikuwa wengi.

"Walikaa nje. Waliogopa kuingia." Alikuwa analoweka kitambaa, hanitazami. "Nilimwosha mie. Sikuwa najua, nilikumbuka tu nilivyokuwa nakuona wewe."

Akanivua kanga. Akaanza kwa mkono wa kulia, kama tunavyoanza sie waosha, akashuka ubavuni taratibu, akilikwepa jeraha. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nililia kwa sauti kama mtoto, na yeye hakuninyamazisha, alikamua kitambaa akaendelea upande wa kushoto.