Mume Wangu Amejitoa Kuwa Mtumwa Kwenye Kijiji cha Maigizo, Sasa Anamtaka na Mwanetu

Admin, nifichie jina, maana Waswahili wa hapa Brussels tunajuana na maneno yanatembea kuliko tramu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nimeolewa na Mrundi wa Buyenzi, kule Bujumbura, tunaishi mtaa wa Forest, na tuna binti mmoja wa miaka minane, nitamwita Zu. Nahudumia wazee majumbani mtaa wa Uccle. Naandika nikiwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata tulipokuwa hatuna makaratasi.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha magari mpaka kilipofungwa. Wenzake walilia, wakaandamana, wakatafuta vibarua. Yeye alikaa kwenye kochi akatazama ukuta. Akawa haogi mpaka nimwambie, hali mpaka nimwekee kijiko mkononi. Siku moja akaniambia, "Mama Zu, miye sina faida tena. Hata nikikufa, hamuta-perdre kitu, hamutapoteza." Tangu hapo nikaficha dawa zote za nyumbani, na nikiwa kazini nilimpigia simu kila nilipopata nafasi, nisikie tu kama yupo.

Ndipo jirani akamwambia kuhusu watu wanaojenga kijiji. Nje ya mji, karibu na msitu, kuna Mwingereza mstaafu mwenye shamba, na pale yeye na watu wa kujitolea wanajenga kijiji cha Wasaksoni, yaani mababu wa Waingereza wa zamani sana. Nyumba za miti na udongo, paa la nyasi, moto katikati, moshi tele. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi yangu alihangaika maisha yake yote atoke kwenye nyumba ya udongo apate bati, huku hawa wanaacha joto la umeme wanafuata moshi! Lakini mume wangu alirudi anaongea, ana njaa, mikono imejaa tope. Nikamshukuru Mungu, nikawa nampikia na vitumbua vya kuwapelekea wenzake.

Kule wana utaratibu wao. Kengele ya asubuhi ikilia, kila mtu anaingia kwenye nafasi yake: huyu mhunzi, yule mfumaji, Mwingereza ndiye bwana wa kijiji. Hakuna simu, na hakuna kutoka kwenye nafasi yako mpaka ilie kengele ya jioni. Mume wangu akachagua kuwa mtumwa. Nasema akachagua, hakuna aliyemlazimisha. Wanasema zamani zile njaa ikizidi, mtu alikwenda kwa bwana, akapiga magoti, akaweka kichwa chake kati ya mikono ya bwana, akawa mali yake ili apate kula. Akanionyesha video. Yeye, mweusi peke yake pale, amepiga magoti kwenye tope, na watu wanapiga makofi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu utumwa si maigizo, ni njia waliyopita watu wakiwa wamefungwa minyororo. Nilipiga kelele. Yeye akanijibu kwa upole, "Bon, Mama Zu, kule kichwa yangu inapumzika. Siwaze loyer ya nyumba, siwaze kazi. Wananiambia beba, ninabeba. C'est tout." Nilijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Akaanza kula akiwa amekaa chini, pembeni ya jiko. Akaacha kututazama machoni. Nikimuuliza wali au ugali, anajibu, "Chochote mutanipa." Hata msikitini Ijumaa haendi tena. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajapewa ruhusa. Nikaenda chumbani nikalia.

Nikamfuata Mwingereza. Alinipokea vizuri, akanipa chai, tukaongea Kifaransa. "Madame, kwangu huu ni mchezo," akasema. "Kengele ya jioni ikilia tunavua nguo za maigizo, tunarudi kuwa watu wa kawaida. Mumeo ndiye anakuja kuniomba nisiipige." Na yeye ana hofu, niliiona usoni. Nikamwambia basi mfukuze. Akaniuliza, "Nikimfukuza, ataenda wapi?" Nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Sasa Jumamosi hii wanafungua kijiji kwa wageni. Mume wangu ameniletea kitambaa cha sufu kigumu, rangi ya majivu, nimshonee Zu gauni. Anataka na mtoto akaweke kichwa mikononi mwa bwana mbele ya watu. Mwingereza mwenyewe hajui. Eti itakuwa zawadi kwa bwana. Na Zu amefurahi, jamani, kwa sababu baba yake hajacheza naye tangu kiwanda kifungwe. Juzi nikamkuta anafanya mazoezi ya kupiga magoti kwenye zulia. Akaniuliza, "Maman, papa ni wa bwana, na miye nitakuwa wa bwana. Weye uko wa nani?"

Jana nikamkalisha mume wangu. Nikamwambia, Baba Zu, leo chagua, sisi au kule. Nilitegemea atagomba. Angenitukana ningefurahi, ningejua bado yumo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Siwezi kuchagua, Mama Zu. Ngoja kwanza nikamuulize bwana." Akavaa viatu akatoka, simu akaiacha mezani. Mpaka naandika hapa hajarudi.

Nikimzuia mtoto, naogopa mume wangu atarudi kwenye ule ukuta na safari hii hatatoka. Nikimruhusu, nitabaki na nyumba yenye watu wawili wasiojua kuchagua. Ndugu zangu, msinitukane, nipeni shauri: mngekuwa ninyi, mngemshika nani, mkamwachia nani?