Mchanga wa Karanga na Bomba la Pikipiki

Fyuuu. Sauti nyembamba, kama ya birika linalokaribia kuchemka, ila hapakuwa na birika motoni. Lilikuwa bomba la chuma, na kaka yangu alikuwa amelishika kwa koleo, uso wake karibu nalo kama anayelinong'oneza. Mpaka leo birika likianza kulia, mkono wangu unakwenda kuliepua kabla sijafikiri.

Nirudi nyuma kidogo. Kaka alikuwa kibarua karakana ya reli, na uani kwetu, mtaa wa Kanyenye, alikuwa akiunda pikipiki. Sisemi kuitengeneza, aliiunda. Injini ilitoka kwenye pikipiki ya jeshi iliyoachwa ikiota kutu baada ya vita. Fremu aliirefusha kwa vyuma vya kitanda cha marehemu bibi. Tangi lilikuwa debe, na kiti ngozi ya ng'ombe ambayo mbwa wa jirani hakuchoka kuinusa. Kaka aliniahidi kwamba mtu wa kwanza kupanda nyuma yake ni mimi, mpaka Nzega. Nilikuwa nimekwisha kuchagua kanga ya kujifunga siku hiyo, na namna nitakavyowapungia mkono watu wa njiani.

"Babu yenu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, akarudi kwa miguu," baba alisema siku moja, macho kwenye cherehani yake. "Ninyi Nzega tu mnataka kubebwa."

"Ndiyo maana babu alikuwa na magoti mabovu, baba," kaka akajibu. Baba akacheka mpaka uzi ukakatika.

Shida ilikuwa kelele. Injini haikuwa na bomba la kutolea moshi, na kaka alipoijaribu barabarani, ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mnadani walitawanyika mpaka vibarazani mwa watu. Askari akaja nyumbani. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Jumamosi asubuhi uilete boma," alimwambia kaka. "Ikinguruma hivi tena, itabaki huko huko."

Tuliijua hali ya vitu vinavyobaki boma. Vinaliwa na mvua, basi.

Ikawa Ijumaa alasiri. Kopo la kumeza kelele lilikuwa tayari, kaka alikuwa amelifua kwa mabati. Bado bomba lenyewe, lile linalotoka kwenye injini na kupinda chini ya mguu wa dereva. Kilibaki kipande kimoja tu. Kingine alikipinda kikiwa kitupu, kikabonyea kama muwa uliotafunwa. Wenzake wa karakana walimcheka kwanza, kisha wakamfundisha: bomba hujazwa mchanga mkavu, huzibwa kwa vigingi vya mti ncha zote mbili, ndipo hupashwa moto na kupindwa. Mchanga hulizuia lisibonyee.

"Mama, niazime mchanga wako."

Mama alikuwa jikoni, akikaanga karanga za kuuza. Kwetu karanga hukaangwa ndani ya mchanga wa moto ili ziive sawasawa, na mchanga wa mama ulikuwa umekaanga miaka na miaka, umekuwa mweusi na unang'aa.

"Huu? Huu umekuzidi umri, mwanangu. Leo niutie kwenye kutu, kesho niwakaangie watu chakula? Toka hapa na mafuta yako."

Kaka akazunguka ua mzima. Mchanga wetu ulikuwa kokoto na mavi ya kuku. Mwishowe akauona ule wa chini ya mtungi wa maji: laini, safi, mama aliuchekecha mwenyewe ili mtungi ukae vizuri. Akautandaza juani kwenye ungo mpaka juu ukawa mweupe. Juu tu. Ndani ulikuwa bado na maji ya mtungi.

Mimi nilishika mvukuto. Makaa yakawaka, bomba likaanza kuiva katikati, jekundu kama pilipili.

"Vukuta, abiria!" kaka akanitania. "Nzega hiyo inaiva!"

Ndipo ikaja ile fyuuu. Kwenye kigingi kimoja niliona uzi wa moshi mweupe. Kaka akainama kuutazama.

"Kaka, linapiga mluzi."

"Upepo tu huo."

"Upepo utoke wapi, na tumeziba?"

Mluzi ukapanda, ukawa mwembamba zaidi. Sikumbuki kuuacha mvukuto. Nakumbuka shati lake mkononi mwangu na mshono wa begani ukiachia. Pakalia kishindo. Kigingi kilipita pale shavu lake lilipokuwa, kikaupiga mtungi wa mama, maji yakamwagika uani kote. Mchanga wa moto ulimrukia mkono wa kulia. Alisimama tu, akiutazama mkono kama wa mtu mwingine.

Mama alitoka mbio na kibuyu cha asali, akaupaka mkono, akamwingiza ndani. Mtungi wake hata hakuutazama. Baba akaja, sindano ingali kifuani mwa kanzu.

"Bomba limepasuka?"

"Halijapasuka, baba."

Kutoka ndani kaka akasema, "Basi. Kesho waichukue. Mkono huu hauwezi kushika hata kijiko."

Baba akaligusa bomba kwa ncha ya kiatu. "Koleo nitashika mimi nikitoka msikitini," akasema. "Mchanga je?"

Akaenda kutawadha.

Mama akatoka tena, akaingia jikoni. Nilimsikia akichekecha karanga zake, zote, akizimimina kwenye ungo. Akapita mbele yangu na ungo kichwani, akarudi kwa mwanawe. Hakuniambia chukua, wala hakuniambia usiguse. Kikaango alikiacha mlangoni, mchanga ndani yake.

Ulikuwa bado na joto. Nilimwaga mchanga wa mtungi uliobaki bombani, nikalisimamisha, kigingi kipya chini, nikamimina kiganja kwa kiganja, huku nikiligonga ubavuni kwa mwiko ili mchanga ushuke. Mwanzoni lililia kama kengele. Kisha sauti ikazidi kuzama, mpaka likajibu du, du, kama gunia lililoshiba. Kwenye kiganja cha mwisho nikakuta punje ya karanga iliyosahauliwa. Nikaila. Nikachonga mfereji mwembamba kwenye kigingi cha juu, pumzi ipate pa kutokea, nikakigongomea kwa jiwe, polepole, mpaka kikakaza.