Mgomba wa Binti Yangu

Huku kwetu Kamuli, kitovu cha mtoto kikianguka hufukiwa kwenye shina la mgomba. Kuanzia siku hiyo mgomba ule ni wake. Hata akiolewa mbali, akija kutusalimia atauliza, "Mgomba wangu haujambo?" Kitovu cha binti yangu nilikifukia mwenyewe ukingoni mwa kibanja, shamba letu la migomba, pale njia inapopita. Mama mkwe wangu aliguna, akasema kitovu cha mtoto wa kike hufukiwa karibu na jiko. Nikamwacha agune. Nilitaka mtoto wa kwenda, si wa kukaa jikoni kama mimi.

Alipofaulu kuingia sekondari, njia yenyewe ndiyo ikaanza kummaliza. Shule iko ng'ambo ya mlima. Alitoka gizani akarudi gizani. Jioni alisinzia tonge la ndizi likiwa mkononi, nami nimesimama namtazama, nimejaa hasira na sijui nimkasirikie nani. Mume wangu akasema tumpangishie chumba karibu na shule, kama wafanyavyo wengi. Nikamwambia anipangishie mimi kwanza. Vyumba vile navijua: wasichana wadogo wanajipikia, wanajifungia milango wenyewe, na vijana wa bodaboda hawaishi kubisha hodi na chipsi zao. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, binti yangu amalize kidato cha nne akiwa analala kwangu.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipokuja na habari kwamba halmashauri imepata basi la kubeba wanafunzi wanaotoka mbali. Litafika kwetu iwapo njia itapanuliwa.

"Msaragambo wa kupanua njia ni Jumamosi," alisema. "Kila mwenye kibanja kando ya njia ajitolee."

Jamani, tulivyojitolea! Watu waliowahi kufikishana barazani kwa sababu ya mpaka wa unyayo mmoja walifyeka migomba yao wenyewe huku wakiimba. Dereva wa basi alikuja kutazama, akasema panatosha, tena panazidi. Nani alimsikiliza? Kwetu mgeni hapitishwi pa kubanana. Tukaendelea. Tuling'oa mpaka visiki, tukafagia hata majani makavu tuliyokuwa tumeyatandaza miaka yote juu ya udongo, ili mgeni wetu akute pasafi. Na palikuwa pasafi kweli, kama ua wa nyumba yenye harusi.

Mgomba wa binti yangu ulikuwa humo humo. Nilisimama mbele yake na panga, nikawa nafyeka majani ya pembeni tu.

"Waitu mama, ukate tu," binti yangu alinibembeleza. "Kwani mimi si nipo hapa?"

Akaninyang'anya panga akaukata mwenyewe, anacheka. Utomvu ulimrukia kwenye sketi ya shule. Nilifua sketi ile kwa kila sabuni niijuayo, na madoa hayakutoka.

Basi likaja. Halikuwa jipya, lilikohoa kwenye mlima kama mzee wa tumbaku, lakini lilikuwa letu. Watoto wadogo walilikimbilia wakipiga kelele, "Shikamoo basi!" Binti yangu akawa anafika nyumbani jua bado lipo, anafanya hesabu zake barazani, anamsahihisha baba yake Kiswahili. Mashavu yakarudi. Mume wangu alinitania kwamba siku hizi dereva nampokea vizuri kuliko ninavyompokea yeye, na alisema kweli. Nilikuwa na furaha hata nikaiogopa.

Kisha masika. Maji yalishuka kwenye ile barabara yetu safi bila kukuta shina wala jani la kuyazuia, yakaubeba udongo wote hadi bondeni, yakaziba kalavati na kulivunja. Migomba ndiyo iliyokuwa imeushika ule mlima. Hakuna mkulima wa huku asiyejua hilo. Mtoto wa darasa la pili analijua. Tulilisahau kwa furaha tu.

Basi likapangiwa wanafunzi wa upande mwingine mpaka kalavati litengenezwe. Mwenyekiti alikwenda kuuliza halmashauri, akaambiwa fungu linasubiriwa. Alikwenda tena, akajibiwa vilevile kwa upole uleule. Siwalaumu sana, na upande ule nao kuna watoto. Nawalaumu kidogo.

Binti yangu alirudia kutembea, sasa kwenye tope linalofika magotini. Alifika shuleni vipindi vimekwisha kuanza, siku nyingine hakufika kabisa. Safari hii ni yeye mwenyewe aliyesema, "Mama, nipangishieni." Nilimfungashia godoro, ndizi na maharage, nikamsindikiza mpaka kwenye chumba chake, nikalijaribu komeo la mlango mara nyingi mpaka akaona haya mbele ya wenzake.

Alirudi nyumbani kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Alisema shikamoo bila kuinua uso, nikajua. Niliitikia marahaba pamoja na machozi. Sikumpiga, sikumtukana. Nilimbandikia ndizi.

Siku hizi wanasema anaweza kurudi shule akishajifungua, na shule iko tayari kumpokea. Naye anasema atarudi. Lakini shule haijasogea na basi halijarudi, na sasa kuna mtoto wa kunyonyesha.

Kitovu cha mjukuu wangu kilipoanguka, binti yangu alinionyesha ukingo wa barabara.

"Tukifukie pangu, mama. Pameota chipukizi."

Ni kweli, limeota; kumbe kipande cha kisiki kilibaki ardhini. Nilikichukua kitovu nikazunguka nacho nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mgomba ulio mbali kuliko yote na barabara, ule unaogusana na ukuta wa jiko, nikachimba hapo. Mjukuu wangu ni wa kike. Binti yangu alisimama kando amembeba, amevaa ile sketi ya madoa ambayo sasa ni ya kushindia nyumbani.