Mbuzi Walioondoka Wazima

Katika kikundi chetu cha akina mama hapa Kitengela, mimi ndiye niliyesimama kila mkutano kuwakemea wanaowaoza wasichana mapema. Nilikuwa na sauti nzuri ya kazi hiyo. Kisha kijana mwenye duka la mabati na nyumba ya mawe kule Kajiado akampenda binti yangu wa miaka kumi na tisa, nami ghafla nikagundua kwamba miaka kumi na tisa ni utu uzima kabisa. Chuo cha uuguzi kingengoja. Nyumba ya mawe haingojei mtu.

Mama yangu aliolewa akiwa na miaka kumi na minne huko Murang'a, kabla ya kuletwa kwenye vumbi hili. Nilipomtangazia habari njema, aliendelea kuchambua maharagwe. Nikasema moyoni, amefurahi. Kumwuliza sikumwuliza, nilikuwa na hema la kukodi na leso za kufanana.

Siku wageni wa upande wa kijana walipokuja na mbuzi wa mahari, mbuzi walifungwa uani. Kwetu hawachinjwi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu kama waliwe; akisema waliwe, amekubali kuolewa. Ni swali la heshima tu. Mimi niliulizwa nikiwa na miaka kumi na saba, nikajibu "kuleni" kabla swali halijaisha. Binti yangu nilikuwa nimemfundisha hata namna ya kutabasamu.

Kaka yangu mkubwa akasimama. "Tukule hizi mbuzi, ama tusikule?"

Binti akanitazama. Nikamwonyesha lile tabasamu, labda alikuwa amelisahau. Ndipo mama yangu akainuka na mkongojo wake, akaenda kusimama kando yake.

"Usiharakishwe, mjukuu wangu. Zangu zilikuliwa nikiwa shamba. Nilifika nyumbani nikapata mifupa."

Hata wapishi wakaacha moto, wakasogea kusikia.

"Msikule," binti akasema. "Mimi naenda college."

Wageni wakaondoka na mbuzi wao, kwa adabu ya kutisha. Nilibaki na sufuria tatu za maji yanayochemka na aibu isiyo na kifuniko. Nikamfuata mama jikoni nikiwa nimefura.

"Na siku yangu, mbona hukusimama?"

Hakuinua macho.

"Siku yako nilikuwa bado naogopa baba yako," akasema, akanisogezea ungo wa maharagwe.

Nikaketi, nikaanza kuchambua. Sikuona vizuri maharagwe yaliyooza, kwa sababu nilikuwa nalia.